Chupa ya Kusugulia Pavema

Kapata, tarehe 9 mai 1993

Yaya Omer,

Jambo sana. Jambo ya Mama, jambo ya bibi yako, jambo ya batoto bote. Shiye hapa tuko, tunapumua. Kisimba bwana yangu eko muzima, lakini ku kazi habamulipe tangu Noeli. Ye fundi ya motere, sasa anaenda kulima mihogo ku njia ya Mutshatsha, anarudia mangaribi na mugongo ya muzee. Batoto banakohoa juu ya baridi. Mi nilihamia mu nyumba ya marehemu Baba siku ile ile mulifukuzwa mukapanda treni na Mama, juu niliona bantu banaanza kuangalia mulango. Nikaingiza kitanda, nikawasha moto, nikapika maharagwe. Mwenye anataka nyumba, anikute nimo ndani.

Miezi mbili sasa, kaka yangu, hata karatasi moja! Nasikia tu kama treni yenu ilisimama Tenke wiki na wiki, bila machini ya kuivuta. Kasimu, ule mwenye kuuzisha samaki ya kukauka, ameniapia kwa dini yake kama atakupa hii barua mu mukono. Umupe jibu, usimuache arudie mikono mitupu.

Sasa maneno yenyewe. Unakumbuka duara ya Baba. Kila pavema nyekundu, ile sakafu ya simenti, yenye alimaliza, alikuwa anafinya matako ya chupa yake ya kusugulia nyuma ya mulango, sima ingali mubichi, inabakia duara, njo sinyatire yake, sahihi yake. Iko mu manyumba, mu mabiro, mu masalo, sebule ya bantu bakubwa, Kolwezi muzima. Basi bantu banasema sasa kama ile duara ni alama, ati baKasai, shiye bantu ya Kasai, balizika dawa pale chini, ao mali. Mu nyumba ya jirani yetu Mulumba balitoboa nyuma ya mulango na baramini, mutarimbo ya chuma, shimo mpaka ku magoti. Balikuta nini? Udongo! Bakaenda mu nyumba ya pili, bakatoboa. Udongo! Nilicheka, Yaya, nilicheka, kisha nikaikala pale chini nikalia kabisa.

Siku ya yenga, nyuma ya misa, Tata Numbi, chef ya quartier, mukubwa ya mutaa, alikuya. Nikamupa kiti, nikamupa kahawa, akakatala kahawa. Akasema: «Mama Godelieve, we ni bibi ya Kisimba, lakini damu yako ni ya kule Kasai. Liste, majina ya benye kupanda treni ya septemba, inaandikwa.» Akaangalia chini, pavema ya Baba inamuonyesha uso yake mwenyewe. Akaanza kueleza kama maternité ya quartier, nyumba ya kuzalia, iko mavumbi matupu, sima imekwisha kuoza, na Mama Mignonne, accoucheuse, mwenye kuzalisha, amekatala kupokea batoto mu udongo. Mafundi bote ya pavema balikuwa bantu betu. Bote balipandishwa treni. Sasa banatutafuta, Yaya! Banatuita bilulu, wadudu, banatufukuza, kisha banatutafuta juu ya pavema!

Akasema: «Uombe yaya yako aandike ginsi ya kufanya. Maternité ikipata pavema muzuri mbele ya mwisho ya agosti, jina yako inatoka ku liste, na hii nyumba inabakia yako. Bila ile, utaiacha. Na duara, hapana. Sitaki ile kitu mu maternité.»

Nikamuuliza nani atapiga magoti afanye ile kazi. Akasema atatafuta mwanaume. Nikamuambia asihangaike, mwanaume ni mi. Alicheka mpaka ku barrière, geti ya inje.

Basi niandikie, Yaya. Nilibeba mayi na muchanga ya Baba myaka kumi, lakini kubeba haiko kujua. Chupa yenyewe siombe. Najua Mama aliiweka mu kitunga yake, na alishasema hatutaitosha, hatutaitoa mu mikono yake mpaka siku ya kumuzika. Ule mwizi ya chupa, nimuache na chupa yake. Nitatafuta ingine.

Mudogo yako,
Godelieve


Mwene-Ditu, tarehe 2 juni 1993

Mudogo yangu Godé,

Jambo yenu bote. Kasimu amefika, nimemupa kyakula na fashi ya kulala. Shiye hapa tuko wazima. Bibi yangu anauzisha mikate ku gare ya treni. Batoto bako ku masomo, benzabo banacheka Kiswahili yabo, lakini tunawafunza na Tshiluba, luga ya huku, pole pole. Inchi ya babu yetu, banasema. Mi nilizaliwa Kapata, babu sikumujua, na hapa banatuita baKatanga! Mama anakusalimia.

Juu ya ile maneno ya Numbi, jibu ni hapana. Sikia vizuri, ni HAPANA. Ule Numbi alisimama ku gare na kifimbo, anahesabu shiye kama mifuko ya makala. Mi na Baba tulifanya salo yake mu 1971, siku kumi na moja juu ya magoti, na bibi yake alituletea bukari, ugali, na kutusifu. Ile siku ku gare alinitazama mu macho akasema: «Mwingine.» Mi niandike ginsi ya kumutengenezea pavema? Azae yeye mwenyewe mu mavumbi!

Na we, tangu lini mwanamuke anafanya pavema? Utaharibu, batakucheka, kisha batakufukuza na kicheko juu. Acha ile nyumba. Kuya huku na Kisimba na batoto. Ama, hapana, usikuye. Kaa kwanza. Sijui. Kaa.

Mi yaya yako,
Omer


Kapata, tarehe 20 juni 1993

Yaya Omer,

Jambo sana, jambo ya Mama. Kisimba amepata malaria lakini ameamuka. Mutoto wetu ya pili ameng'oka jino ya mbele, anajivunia nayo sana. Baridi imeingia kabisa. Asubuyi majani iko nyeupe ku bonde, na saa sita jua inachoma kichwa. Unajua Kolwezi, huku juu mupepo ya juni inakamula mutu mayi yote ya mwili.

Nimesoma hapana yako. Nimeiweka chini ya kopo ya chumvi. Nimefanya pavema ya jikoni yangu.

Ndiyo, nimefanya! Kisimba alileta sima mufuko nusu, usimuulize ilitoka wapi. Nikatengeneza chini na majiwe, nikamwanga béton, zege, nikaisawanisha na bao. Nyuma nikapaka sima ya juu, nikanyunyizia unga nyekundu ya rangi, nikangojea mpaka kidole inaacha alama bila mayi kutoka, kama Baba alikuwa anafanya. Nikasugua na chupa ya bia nikirudia nyuma, kuanzia ukuta mpaka mulango. Saa nane ilikuwa inang'aa. Nikaita majirani bakuye kuona mwanamuke fundi. Saa kumi na moja imepasuka, Yaya, kutoka kona mpaka kona. Majirani bangali hapo! Mama Mignonne peke yake hakucheka. Alisema: «Jaribu tena.»

Nikajaribu tena, pembeni ya choo. Nikafunika na magunia ya mayi, nikafunga fashi yote na nailo. Imepasuka kidogo, lakini imepasuka. Jua na mupepo ya hapa binakausha juu kabla chini haijashika.

Nikaikala nikafikiri. Baba alikuwa anafanya pavema mu mwezi huu huu, mupepo huu huu, na hazikupasuka. Na nikakumbuka kitu. Mayi ya kuchanganya sima, Baba hakuikoroga hata siku moja. Ni Mama. Alikuwa anageuka, anatupatia mugongo, anakoroga ndoo yake, kisha anasema: «Mubebe.» Aliweka nini mule?

Eko hapo na we. Muulize. Ni dakika moja. Haiko siri yako, haiko kazi ya Numbi, ni swali ya mutoto kwa mama yake. Unaweza kunikatalia we, lakini Mama hawezi kunikatalia.

Godelieve


Mwene-Ditu, tarehe 11 julai 1993

Mudogo yangu Godé,

Jambo yenu. Pole ya malaria ya Kisimba. Pongezi ya jino.

Hapa joto ni mingi, tuko inchi ya chini, haiko kama kwetu. Nimepata kazi kidogo ku padri moja, pavema ya magazini yake ya kuwekea bintu. Haikupasuka. Huku mupepo iko mulaini na mayi haikimbie. Padri amefurahi, amenipa pantalo. Bibi yangu anasema niache kuvaa kofia ya Kapata, bantu banacheka. Sitaiacha.

Mama anakusalimia.

Ile mambo ya pavema, nilishakuambia. Kama inapasuka, ni Kolwezi yenyewe inakatala. Wacha ipasuke. Baone sasa ni nani balifukuza.

Kasimu anaondoka mbio, naishia hapa.

Omer


Kapata, tarehe 25 julai 1993

Omer,

Nilikuuliza kitu moja tu. Umeniandikia pantalo ya padri.

Mara mbili umeandika «Mama anakusalimia». Miaka makumi tatu na nane Mama hajanisalimia hata mara moja bila kuniuliza kama ninakula na kama nimeosha shingo ya batoto. Mara mbili, na hakuna swali hata moja.

Pavema ya tatu imepasuka. Imebaki siku makumi tatu na saba. Numbi alipita jana, akasoma majina ya liste mbele ya robinet, bomba ya mayi, yangu ni ya kumi na mbili. Kisimba amesema nikiandikwa, na ye anaandikwa. Nikamuambia asiseme bujinga, hakuna mwenye atapanda treni mu hii nyumba.

Muulize Mama, Omer.

Godelieve


Mwene-Ditu, tarehe 8 agosti 1993

Godé, mudogo yangu,

Kasimu atakupa kitunga. Fungua kwanza kitunga, kisha rudia ku hii barua.

Umeona chupa. Sasa unajua, na nafikiri ulishajua.

Ni Tenke. Wiki ya nne. Tulilala mu wago, behewa ya makala, mvula inapita mu bati, baridi unajua ile. Mama alianza kuumwa na tumbo. Banamuke ya wago balisaidia, muntu moja alikuwa na ampisilini mbili, akazitoa bila kulomba kitu. Asubuyi ya tarehe 11 aprili, siku ya Paska, alikufa. Tulimuzika pembeni ya reli, nyuma ya muti mukubwa yenye imekatika kichwa. Niliandika jina yake na kisu mu bati. Mi na bantu ya wago tuliimba wimbo moja, machini ikapiga filimbi, tukaondoka. Sikufanya matanga. Mutoto gani anazika mama yake na anakimbilia treni? Mi.

Alikuwa na chupa mu mikono. Ilibidi nifungue vidole, kimoja kimoja. Unakumbuka vile alisema.

Utaniuliza juu ya nini sikukuambia. Ye mwenyewe alikatala. Alisema: «Ukimuambia Godé, atapanda treni kuja kulia, na nyumba itabaki mutupu. Mumoja wetu abakie. Abakie tu.» Nikaapa. Halafu nikakaa na ile kiapo mu shingo miezi ine, nikiandika salamu ya mutu aliyekufa. Unipige ukiniona.

Na siri ya mayi. Aliniambia ku Tenke, siku ine mbele ya kufa, anacheka, meno inagongana na baridi. Ni sukari, Godé. Sukari! Kijiko kidogo moja, ya chai, mu kila ndoo, hapana mbili. Sukari inachelewesha sima, inaipa wakati ya kushika polepole chini na juu, hata mupepo ikipiga. Ukizidisha haishike kabisa, inabaki kama uji. Alijifunza kwa bibi ya mufundi moja mukongwe, kitambo, na hakumuambia Baba hata siku moja, juu Baba alikuwa anapenda kuamini ni mikono yake. Na mi pia niliamini ni mikono yangu. Miaka makumi mbili mi fundi, kumbe fundi alikuwa anabeba ndoo! Sasa unajua juu ya nini nilikuandikia HAPANA na herufi kubwa. Ile siku ya juni nilikuwa na kasirani ya Numbi, lakini nilikuwa pia na haya.

Fanya hivi. Anza saa kumi, jua ikianza kulala. Funga madirisha yote. Magunia ya mayi asubuyi na mangaribi, siku saba, na mutu asikanyage, hata padri, hata Numbi. Siku ya munane, yeyusha buji, mushumaa, na petroli kidogo mbali na moto, upake na kitambaa, sugua mpaka mukono inalala.

Mi sitaki wapate pavema. Lakini nataka we ubakie. Kama njia ni moja, basi ni moja.

Mama alisema pia uoshe shingo ya batoto.

Yaya yako,
Omer


Kapata, tarehe 12 septemba 1993

Yaya Omer,

Jambo sana. Jambo ya bibi yako, jambo ya batoto. Tuko wazima bote, na shingo ya batoto ni safi.

Matanga tulifanya. Siku tatu, mu nyumba ya Baba, juu ya pavema ya Baba. Nilitosha biti na meza yote inje, banamuke bakaikala chini, miguu ya kunyorosha. Mama Mignonne alikuya na banamuke ya maternité. Hata bibi ya Numbi alikuya, na bukari, kama 1971. Nililia ule Mama mpaka sauti ikakatika. Nilikukasirikia siku mbili, siku ya tatu nikaacha, juu ni we ulifungua vile vidole na mi sikuwa pale kukusaidia.

Siku ya ine nikaingia mu maternité.

Kisimba alichimba, mi nikamwanga. Kijiko moja ya sukari mu kila ndoo. Nikaangalia ku mugongo kama hakuna mutu ananiona, kisha nikajishangaa nikicheka peke yangu, juu kumbe nimegeuka kama Mama. Saa kumi nikapiga magoti ku ukuta ya mwisho, na chupa ya Mama mu mikono mbili, nikarudia nyuma mpaka mulango. Chupa ni nzito, Yaya. Zile za bia ni mucezo. Magoti yangu ilitoka damu, na sikusimama.

Nilipofika ku mulango, nikafikiri juu ya nyuma ya mulango, kule Baba alikuwa anaficha duara. Nikasema hapana. Nikaifinya mbele ya mulango, katikati kabisa, fashi kila mutu anapita. Duara moja, ya wazi. Kisha nikafunika na magunia.

Siku saba Mama Mignonne alikaa na ufunguo mu shati. Siku ya munane nikapaka buji na petroli, tukasugua, mi na banamuke kumi. Haikupasuka! Hata unywele moja! Unasimama unaona meno yako ndani.

Tarehe 31 agosti Numbi akakuya na bantu bake kupokea kazi. Akasifu. Akatembea na biatu mu mikono, kama ku kanisa. Akafika ku mulango, akaona.

«Mama Godelieve, nilikuambia duara hapana.»

«Uliniambia, Tata.»

«Itoshe, uitoe pale.»

«Sima imeshashika, Tata. Uitoshe we.»

Akalomba baramini. Mama Mignonne alisema mutu akigusa pavema yake, yeye anaenda kwao siku ile ile na banamuke bazalishane benyewe kwa benyewe. Numbi hakumusikia. Akaomba kijana wake apige. Akapiga mara moja, baramini ikaruka. Mara ya pili ikaruka, mikono ya ule kijana ikatetemeka mpaka ku kiwiko. Mara ya tatu akaweka baramini chini, akasema tumbo inamuuma. Hakuna alama, Yaya. Kidogo tu, nyeupe, kama ukucha.

Banamuke bakaanza kucheka. Numbi akanigeukia na kasirani kabisa, anataka kujua ni nini nimezika pale chini. Na mi, mukubwa yangu, nilikuwa nimechoka na huyu mutu. Nikamuambia mbele ya bote: «Tata Numbi, ukitaka kujua, enda kwako. Sukuma fauteuil, kile kiti yako kubwa ya salo, ile ya nyuma ya mulango. Baba yangu alikuwekea moja pale mu 1971. Miaka makumi mbili na mbili unaikalia juu yake.»

Akaondoka bila kuvaa biatu.

Bibi yake alinielezea. Alisukuma fauteuil. Akaona. Akaikala akiangalia mangaribi yote, bibi anamuita kula, hapana. Asubuyi akachukua baramini yake mwenyewe akatoboa. Salo yake, Yaya! Pavema yetu ya 1971! Akachimba mpaka ku magoti kama benzake. Udongo. Akachimba tena pembeni. Udongo. Bibi yake akasema: «Uko unatafuta nini mule? Ni bantu balikutengenezea nyumba.»

Sasa eko na shimo mu salo, na mavumbi, na bageni banaona. Alituma mutu kunilomba nitengeneze. Nikajibu na karatasi. Jina yangu itoke ku liste na atie tampon, muhuri ya biro yake, na jina ya Kisimba na ya batoto isiandikwe, tampon. Nyumba ya Baba iandikwe ku jina yangu, tampon. Na pale salo yake, nitaweka duara katikati, mbele ya fauteuil, aone akikula. Kama hataki, abakie na shimo yake.

Jana tampon imefika. Tatu. Nimeziweka chini ya kopo ya chumvi, pamoja na hapana yako.

Treni ya septemba imeondoka bila shiye. Nilienda ku gare kuangalia. Bantu bengi, Yaya, bengi, batoto na bakuku na masufuria. Niliita majina yenye nilijua. Nikapatia mama moja mikate. Sikuweza kufanya kingine, na sitasema niliweza.

Sijui kama watatuacha mwaka huu kupita. Liste ingine inaweza kuandikwa. Mi nitafanya pavema ingine. Bantu bananilomba sasa, ku Mutoshi, ku kanisa, na nawaambia bote kwanza: duara katikati, ao hapana kazi.

Uliniuliza mu barua ya kwanza tangu lini mwanamuke anafanya pavema. Haizuru. Wakati ya kurudia itafika, na utakuta kofia yako iko na fashi ku musumari. Lakini chupa sikurudishii. Ukiitaka, panda treni ya kuja Kolwezi, ufike Kapata, uingie mu nyumba ya Baba mwenyewe, na uitoshe mu mikono yangu.

Mudogo yako,
Godelieve